Nilimupa mutoto wangu jina la kumukomoa mama mukwe

Kosa ni langu. Nalisema katika mustari wa kwanza ili musomaji asipoteze wakati kunitafutia sababu. Sikuwa nimelewa. Hakuna mutu aliyenisukuma. Nilikaa, nikafikiri, nikafanya ubaya na akili zangu zote kichwani, na aliyeubeba ni mutoto.

Jina langu sitaandika, wala la muke wangu. Lakini la mutoto nitaliandika, maana bila hilo hamutaelewa kitu. Wanaotujua watatutambua. Sawa, watutambue. Nimechoka kujificha.

Mutoto wangu nilimuandikisha Zdzislawa.

Jaribu kulisoma. Rudia tena. Sasa fikiri uko na miaka sita, umesimama mbele ya watoto hamsini, na mwalimu anakuambia ulisome kwa sauti.

Mimi ni Murega, mutu wa Shabunda. Nilifika Bukavu nikiwa kijana, nikajifunza gari, nikapata kazi ya udereva katika shirika moja la wageni. Nikamupenda musichana wa Walungu, Mushi, fundi wa kushona nguo, mutu wa maneno machache. Tukaoana, tukapanga nyumba Muhumba, na tuko pale mpaka leo.

Mama yake hakunitaka. Na hakuficha. Siku wazee wetu walipokwenda kwao kuomba muke, aliuliza mbele ya watu wote, "Huyu anaitwa nani tena?" Nikamuambia jina langu. Akalisema vibaya. Nikarudilia. Akalisema vibaya zaidi, watu wakacheka, naye akapunga mukono: "Basi, ni ule wa Shabunda."

Tangu siku ile hakuniita jina langu hata mara moja. Akipiga simu kwa muke wangu, nasikia sauti yake ikitoka: "Ule wa Shabunda iko?" Akituletea maharagi, "Umupikie na ule wa Shabunda." Akija kutusalimia, ananipa mukono na macho yake yako ukutani.

Munaweza kusema hicho ni kitu kidogo. Kwangu hakikuwa kidogo. Nilikuwa nacheka na wengine, lakini kila mara nilikibeba moyoni siku mbili, siku tatu. Nilingoja siku yangu.

Siku yangu ilifika mwaka wa tatu wa ndoa, muke wangu alipozaa. Musichana, muzima, mwenye nywele nyingi. Mama mukwe alipanda gari Walungu alfajiri, akafika maternité na kikapu chake: unga wa uji, ndizi, na kuku hai amefungwa miguu. Akamubeba mutoto. Akamutazama sana. Halafu machozi yakaanza kumushuka bila sauti.

Nilijua analilia nini. Muke wangu alikuwa na dada yake mukubwa aliyeitwa Nsimire. Alikufa akizaa, mbele mimi sijaingia katika familia ile. Walimubeba kwa kipoyi, machela ya miti, katika matope kumupeleka hospitali, hakufika. Yeye na mutoto wake walizikwa siku moja.

Mama akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kuniangalia usoni.

"Niko na ombi moja tu," akasema. "Tumuite Nsimire. Sikutaja tena hiyo jina tangu nilimuzika. Nataka niiite, kuwe mutu wa kuitika."

Nikamujibu, "Tutaona, mama."

Mutu mwenye moyo angesema ndiyo palepale. Mimi sikusikia mama aliyefiwa. Nilisikia mwanamuke aliyeshindwa kusema jina langu miaka mitatu, leo amekuja kwangu kuomba jina. Nikajiambia, leo unajua kuomba. Utaona.

Wiki chache mbele ya hapo nilikuwa nimemupeleka mugeni wa shirika letu mpaka Sange, muzungu mama aliyetoka Ulaya kwa watu wa baridi kali. Kifuani alivaa kibeji chenye jina lile. Katika uwanda wote wa Ruzizi, kwenda na kurudi, tulikuwa tunacheka: yeye ananifundisha kulisema, mimi nakosea. Ukilisema sawasawa linatoka karibu kama "Zjiswava", na ulimi lazima uguse nyuma ya meno na kukimbia. Tulipofika Bukavu nilikuwa nalisema sawasawa, akapiga makofi. Aliniambia maana yake ni mambo ya utukufu. Sikumuuliza zaidi. Utukufu haukunihusu. Nilichokumbuka maternité pale, mama mukwe akinitazama na machozi yake, ni namna jina lile lilivyonivunja taya mimi kijana mwenye Kifaransa, na nikafikiria litamufanya nini yeye muzee wa Walungu.

Njo hivyo lilichaguliwa. Sikuwa na sababu ingine. Baadaye nilidanganya watu nikasema nililipenda, nilisema ni jina la kimataifa, nilisema litamufungulia mutoto njia ya Ulaya. Uongo wote. Nililichagua ili mutu mumoja ashindwe kumuita mujukuu wake.

Nilikwenda peke yangu biro ya état civil ya komini, pale wanapoandikisha watoto. Asubuhi ile muke wangu aliniuliza, akiwa ananyonyesha, "Utaandika Nsimire, sivyo?"

Nikasema, "Usijali."

Yule wa komini alichukua karatasi niliyoandika jina, akaigeuza chini juu, akaigeuza tena.

"Papa, hii ni jina ao ni mot de passe ya kufungulia simu?"

Waliokuwa wamepanga mustari nyuma yangu walicheka. Nami nikacheka. Akaniuliza mara ya pili, bila kucheka sasa: "Uko hakika? Nikisha kuandika, kubadilisha ni mambo ya tribinali."

"Andika," nikamuambia.

Siku ya kumuonyesha mutoto tuliita majirani na madereva wenzangu. Mama mukwe alivaa kitenge kipya. Alikuwa amepika mwenyewe tangu asubuhi, na alikuwa na furaha, namukumbuka vizuri, alikuwa anamuimbia mutoto chinichini kwa Mashi, lugha yao. Nikasimama na chupa mukononi, nikatangaza jina.

Muke wangu alinitazama kama mutu aliyepigwa kofi.

Nami nikaendelea. "Mama, sasa umuite mujukuu wako."

"Unasema namna gani?"

Nikalisema. Akajaribu: "Sisi... Disi..." Madereva wenzangu wakaanza kucheka.

"Hapana, mama. Sikiliza vizuri."

Akajaribu tena: "Sisilava."

"Bado, mama. Mara ya mwisho."

Hiyo mara ya tatu njo inanifanya nijichukie. Mara ya kwanza alikuwa bado na kiburi chake. Ya tatu hakuwa nacho. Alikaza midomo, akafunga macho, akajaribu kwa nguvu yake yote kama mutoto anayeanza kusoma. Akashindwa, na watu wakacheka mpaka wengine wakashika tumbo, na mimi nikacheka kuliko wote.

Akamurudisha mutoto mikononi mwa mama yake.

"Nitamuita Mutoto," akasema. "Hiyo sitakosea."

Kesho yake asubuhi alirudi Walungu. Kikapu alikiacha.

Muke wangu aliniambia neno moja tu, "Ulinidanganya," halafu wiki nzima hakusema na mimi. Alipoanza kusema tena, hakutaja mambo ya jina. Nikadhani yameisha. Nikadhani nimeshinda, mupumbavu mimi.

Mutoto alikua. Nyumbani mama yake alikuwa anamuita "Mama" ama "Chérie", kama wanawake wengi wanavyowaita binti zao, sikushuku kitu. Jina lile lilibaki langu peke yangu. Nilikuwa nalipiga kwa sauti kutoka mulangoni ili majirani wasikie, na mutoto alikuwa anakuja mbio ili nisilirudilie.

Alipoanza shule, mwalimu wa kwanza alimuandika Dizilava. Wa pili, Zidislawa. Kwenye karatasi ya chanjo ni jina lingine, kwenye kitabu cha kanisa lingine tena. Na watoto, ambao hakuna mutu anawapita kwa kutafuta mahali panapouma, walichukua mukia wa jina, wakaongeza yao. Wakamuita Lavabo.

Munajua lavabo ni nini. Pale watu wanaponawa mikono na kutema mate.

Nilipojua, hasira yangu ilikwenda wapi? Kwangu mwenyewe? Hapana. Ilikwenda kwa mutoto. Nilimuambia anachekwa kwa sababu yeye mwenyewe hajui kulisema sawasawa. Kila asubuhi nilimusimamisha salon, amevaa uniforme, na mufuko mugongoni, alirudilie jina lake. Akikosea hapati chai mpaka alinyooshe. Siku zingine alikwenda bila chai. Miaka saba alikuwa nayo.

Nikamuambia, "Mwalimu akikosea, umusahihishe." Akamusahihisha. Mwalimu akaona ni utovu wa adabu, akamupigisha magoti mbele ya tableau ya chaki. Basi mimi nikaenda shule. Sikwenda ofisi ya mukubwa wa shule kama watu wenye akili. Niliingia moja kwa moja mu kalasi, nikamugombeza mwalimu mbele ya wanafunzi wake, nikachukua chaki, nikaandika jina kwa herufi kubwa, nikaamuru watoto wote walirudilie nyuma yangu. Mara kumi.

Nilitoka pale nikijiona mwanaume. Sikuwa nimefika hata kwenye lango, nikasikia kalasi nzima ikiimba nyuma yangu: Lavabo, Lavabo, Lavabo. Sikugeuka. Sikutaka kumuona alivyokaa.

Tangu siku ile mwalimu akisoma majina, binti yangu haitiki. Iwe Dizilava, iwe Zidislawa, anatazama meza. Mwalimu anaandika kwamba hayupo. Mwisho wa mwaka bulletin ikaja na siku nyingi za kukosa, wakati mimi mwenyewe nilikuwa namuona kila asubuhi anashuka na mufuko. Nikadhani anapotelea sokoni. Nikamupiga. Hakulia, hakujieleza. Mukubwa wa shule njo aliniambia baadaye: "Papa, mutoto wako anakuja kila siku. Tunamuita, ananyamaza tu."

Nilikuwa nimemupiga bure. Sikumuomba musamaha. Nilimuambia, "Basi uwe unaitika."

Kila likizo kubwa muke wangu alikuwa anamupeleka Walungu kwa koko yake, mama mukwe wangu. Mimi sikwenda. Alikuwa anarudi amenenepa, anaongea, anacheka, anasimulia mambo ya mbuzi na ya mvua. Siku mbili tu. Halafu ananyamaza tena kama taa iliyozimwa. Ningejiuliza, Walungu kuna nini ambacho nyumbani kwangu hakuna? Sikujiuliza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ni mwaka jana, mutoto yuko na miaka kumi na moja. Muke wangu alikuwa amekwenda kuzika rafiki yake upande wa Uvira, na simu yake haikupatikana. Mimi nilikuwa kazini, nangoja kutumwa. Muchana simu ikalia. Mwalimu: watoto walipotoka shule, moto, pikipiki ya abiria, imemugonga binti yako kwenye mutelemuko. Motari mwenyewe na wapita njia wamemubeba hospitali. Hospitali gani, hawajui.

Nilikimbilia ile ya karibu. Kwenye meza ya mapokezi kulikuwa mama mumoja amevaa blouse nyeupe, na daftari mbele yake.

"Natafuta mutoto wangu, amegongwa na moto. Anaitwa Zdzislawa."

"Anaitwa nani?"

"Zdzislawa."

"Sisi nini?" Akatabasamu kidogo. Hakuwa na ubaya, leo najua. Lakini kutabasamu kule kuliniwasha.

"Mama, usinichezee. Nimesema Zdzislawa. Zed, de, zed..." Nikamutajia herufi zote, nikipiga meza kwa kila moja.

Akapitisha kidole katika daftari. "Papa, jina kama hiyo sina. Niko na musichana mumoja wa uniforme, naye amegongwa na moto, lakini anaitwa Nsimire. Na amesema papa yake hayuko. Tunangoja koko yake atoke Walungu."

Musomaji, soma hapo tena. Musichana. Uniforme. Moto. Koko. Walungu. Mutu yeyote mwenye kichwa angesema, nionyeshe huyo mutoto. Hatua kumi tu.

Mimi niliposikia Nsimire, damu ilipanda. Jina nililolikataa, leo linanirudishiwa na mama wa mapokezi. Sikufikiri. Wasichana wenye jina hilo Bukavu hawahesabiki, wengi wao wako na koko Walungu, njo hivyo nilijiambia, kama nilijiambia kitu. Nikapaza sauti mu koridori nzima: "Mimi sina mutoto anaitwa Nsimire. Wangu anaitwa Zdzislawa, na kama hamujui kusoma museme."

Nikaondoka.

Nilizunguka hospitali zingine tatu na vituo vya afya siwezi kuhesabu. Kila mahali ni kutaja herufi. Kila mahali, "Rudilia, papa." Kila mahali, hayupo. Nilipita kati ya vitanda nikiliita jina lile kwa sauti, wagonjwa wakiinua vichwa, na hakuna mutoto aliyeitika. Masaa yakapita. Nikaanza kufikiria chumba cha maiti. Nilikuwa nimeshika njia ya kwenda kuuliza huko, simu ikalia.

Mama mukwe.

"Wewe wa Shabunda," akasema. "Mutoto iko huku. Kuja." Akanitajia hospitali. Ilikuwa ile ya kwanza.

Mufupa wa muguu ulikuwa umetoboa ngozi. Walimupa dawa ya maumivu, wakasafisha, lakini walitaka mukubwa wa familia asaini ndipo wamupasue. Wakamuuliza simu ya papa. Akasema hana papa. Wakamuuliza simu ya mama, haikuita. Akawapa ya koko yake, anaijua kwa kichwa. Muzee yule alitoka shambani na matope miguuni, akapanda gari la kwanza alilolikuta, akasimama palepale nilipokuwa nimesimama mimi, akasema, "Natafuta Nsimire." Wakamupeleka mara moja. Akatia kidole kwenye karatasi. Halafu akanipigia.

Nilipoingia, binti yangu alikuwa amelala macho wazi, wakingoja kumuingiza chumba cha upasuaji. Kitanda chake kilikuwa nyuma ya pazia, karibu kabisa na ile meza. Mama mukwe alikuwa anamupangusa vumbi usoni kwa ncha ya kitenge. Kwenye kitambaa kilichofungwa mukononi mwa mutoto waliandika kwa kalamu: Nsimire.

Je, nilipiga magoti? Nilishukuru? Hapana. Nitaandika nilichofanya, maana nilisema sitaficha. Nilianza kugombeza.

"Muliniibia mutoto," nikamuambia mama mukwe. "Wewe na binti yako. Miaka yote hii munamuita jina lingine nyuma yangu. Muliniibia mutoto."

Aliendelea kupangusa.

Aliyejibu ni mutoto, kwa sauti ndogo, midomo imekauka.

"Papa, acha kugombeza koko. Nilikusikia."

"Ulinisikia lini?"

"Ile saa ulikuja ya kwanza. Ulikuwa unasema jina yako."

"Jina yangu namna gani? Ni jina yako."

"Hapana, papa. Ile ni yako. Mimi naitwa Nsimire."

Nikamuuliza, na sauti yangu haikuwa tena ya kugombeza, "Kama ulinisikia, mbona hukuitika? Nilikuwa hapa hapa."

Akatazama muguu wake. Halafu akasema:

"Muguu ilikuwa inauma sana. Niliogopa nitalisema vibaya, utanisimamisha nirudilie."

Wakaja wakasukuma kitanda, wakamupeleka. Mimi nilibaki nimeshika pazia.

Sijui nilisimama pale muda gani. Najua mama mukwe alikaa kwenye benchi, na baada ya muda nikakaa mwisho mwingine wa benchi lile lile. Tulingoja hivyo mpaka muganga akatoka akasema amemaliza.

Kidonda kiliingiwa na uchafu. Walimupasua tena, na tena. Alilala hospitali zaidi ya miezi miwili, akapoteza mwaka wa shule, na muguu ule sasa ni mufupi kuliko mwenzake. Anachechemea. Muganga hakunilaumu. Alisema tu mifupa ya namna ile haipendi kungojeshwa. Alisema huku akiandika, hakujua anaongea na nani.

Muke wangu aliporudi na kusikia yote, hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Ulisema huna mutoto anaitwa Nsimire?" Nikasema ndiyo. "Mbele yake?" Nikasema ndiyo. Akachukua shuka lake, akaenda kulala hospitali na mutoto, na hakurudi nyumbani mpaka siku walipomuruhusu. Tunakaa pamoja leo, lakini pale kuna mambo ambayo sitayapata tena.

Kwa mama mukwe nilikwenda mwenyewe, Walungu, peke yangu. Nikamuambia kila kitu: kibeji, komini, nilivyopanga ashindwe. Alikuwa anachambua maharagi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua," akasema. "Unafikiri sikujua? Ile siku ulinisimamisha mbele ya batu, nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Nami nilikuwa nimefanya batu bako bakucheke. Niliona umenilipa, imeisha." Akaacha maharagi. "Lakini mutoto alikufanya nini?"

Niliomba musamaha, akaitika kwa kichwa, akanipa chakula. Nilipoaga aliniita jina langu. Alilisema vibaya, kama siku ya kwanza. Nilitaka kulia.

Ndipo tukaenda tribinali. Mwenye kuhukumu aliuliza sababu ya kubadilisha. Mutu wa sheria aliyenisaidia alikuwa ameniandikia maneno mazuri, kwamba jina ni gumu na linaleta vikwazo katika masomo. Nikayaweka chini. Nikasema mbele ya watu wote waliokuwa mule, "Nililichagua ili mama mukwe wangu asiweze kulisema." Watu wakacheka. Safari hii walikuwa wananicheka mimi, na nilisimama nikawangoja wamalize.

Karatasi imetoka. Kwa sheria binti yangu anaitwa Nsimire. Munaweza kufikiri mambo yamenyooka. Hayakunyooka.

Mama yake akimuita, anageuka. Koko yake akimuita kwenye simu, anacheka mbele hajajibu. Mimi nikimuita Nsimire, anangoja. Anasimama kidogo, bila kugeuka, kama mutu anayesikiliza kama kuna kitu kinafuata. Halafu anakuja taratibu na muguu wake. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

"Si kwa ubaya, papa," akasema. "Mudomoni mwako bado inanishitua."

Sina hasira na watoto waliomuita Lavabo. Sina hasira na walimu, wala na yule mama wa mapokezi. Hasira yangu yote ni kwa mwanaume mumoja aliyesimama na chupa mukononi akicheka. Na nyinyi munaofanana naye, kwa sababu nawaona. Nawasikia kwenye maduka ya bia munapanga majina kama munapanga kumutega adui. Jina la kumuumiza muke wa zamani. Jina la kuwanyamazisha wakwe. Jina ambalo hata wewe utalifanyia mazoezi njiani ndipo ufike komini.

Usiende. Kama muke wako amelala uzazini na umebeba karatasi usiyotaka aione, rudi nyumbani. Mupe aisome. Mupe mama yake aisome kwa sauti, na wako pia, na jirani asiye na Kifaransa. Wakishindwa, chana. Jina silo lako, hata kama ni wewe unayeliandika. Ni mutoto atakayeulizwa, akiwa ameumia, kati ya watu asiowajua, "Unaitwa nani?"

Na kama kuna mutu aliyekudharau, uko na miguu. Nenda mpaka kwake, ukae, umuambie alikuumiza. Mugombane ikibidi. Mimi ingenichukua muchana mumoja tu, Walungu si mbali.